Kuzoesha Miche ya Okidi Kutoka Chupa za Maabara: Mwongozo kwa Mkulima Anayeanza katika Mazingira ya Mikese, Morogoro

1.0 Utangulizi

Okidi za Tanzania zimejulikana zaidi kwa kung'olewa kuliko kwa kupandwa. Katika Nyanda za Juu Kusini, viazi vya okidi za ardhini vimechimbwa kwa miaka mingi na kuuzwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005, inalinda sehemu ya uoto huo. Kwa okidi za mapambo, miche ya maabara inampa mkulima njia ya kupata mimea bila kugusa msitu. Hata hivyo, njia hiyo ina maana iwapo tu miche itaishi baada ya kutolewa chupani. Ikifa, kishawishi cha kurudi msituni hubaki palepale. Makala haya yanafafanua hatua hiyo moja. Hoja yake kuu ni kwamba mkulima hana budi kutofautisha unyevu wa hewa na maji ya mizizini, kwa kuwa mche huhitaji cha kwanza kwa wingi na cha pili kwa kiasi.

2.0 Hali ya mche wa chupani

Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi na haina akiba ya chakula ya kutosha. Katika mazingira ya asili huota inapokutana na kuvu anayeilisha, uhusiano uliobainishwa na mtaalamu wa Kifaransa Noël Bernard mwaka 1899. Mwaka 1922, Lewis Knudson wa Marekani alionesha kwamba sukari na madini katika jeli ya aga vinaweza kuchukua nafasi ya kuvu huyo, mradi chupa isiwe na vijidudu.

Malezi hayo yana athari zake. Ndani ya chupa, unyevuanga hukaribia asilimia 100. Majani hukua yakiwa na utando mwembamba wa nta, na vitundu vyake vya kupitishia hewa havijifungi barabara. Kwa hiyo, mche unaoonekana wenye afya unaweza kunyauka kwa saa chache ukiwekwa kwenye hewa kavu. Kumwagia maji mengi mizizini hakutibu tatizo hilo, bali huiozesha mizizi.

3.0 Mazingira ya Mikese

Mikese iko mashariki ya mji wa Morogoro, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Ni mahali pa chini zaidi na penye joto kuliko miteremko ya juu ya Uluguru yenye ukungu. Tofauti hiyo huamua mambo mawili.

La kwanza ni spishi. Okidi za misitu ya juu milimani huteseka kwa joto la Mikese. Ansellia africana, ambayo kwa asili huota juu ya miti katika nyanda za chini zenye joto, humfaa zaidi anayeanza. La pili ni msimu. Miche ikitolewa mwanzoni mwa masika, mwezi Machi, hupata wiki kadhaa za hewa yenye unyevu kabla ya kiangazi kuanza mwezi Juni.

4.0 Hatua za kufuata

(a) Chupa iwekwe kivulini kwa siku chache, bila kufunguliwa, ili miche izoee joto la mahali.

(b) Miche itolewe na kuoshwa kwa maji safi ya uvuguvugu hadi jeli yote iondoke. Sukari iliyobaki mizizini ni chakula cha ukungu na bakteria.

(c) Miche kadhaa ipandwe pamoja katika chungu kimoja chenye matundu, ndani ya vipande vidogo vya mkaa na makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kusuuzwa. Udongo wa bustani usitumike, kwani huziba hewa.

(d) Chungu kifunikwe kwa plastiki angavu na kuwekwa penye kivuli, mbali na jua la moja kwa moja. Baada ya wiki ya kwanza, kifuniko kifunguliwe kidogo asubuhi, kisha muda uongezwe hatua kwa hatua kwa wiki nne hadi nane.

(e) Maji yanyunyizwe asubuhi ili majani yakauke kabla ya usiku. Mbolea ianze mizizi mipya inapoonekana, kwa robo ya kipimo cha kawaida.

5.0 Hitimisho

Kuchipua kwa mizizi mipya ndiyo dalili ya kuaminika ya mafanikio. Majani ya zamani yanaweza kubaki kijani kwa muda huku mche ukiwa unakufa. Mafunzo kwa wakulima yasiishie katika kugawa chupa, bali yasimamie wiki nane zinazofuata. Kwa watafiti, idadi ya miche inayofikisha mizizi mipya nje ya chupa ni kipimo cha haki zaidi kuliko idadi ya miche iliyozalishwa maabara.