Je, Wajua? Kidole Hakina Msuli

Je, wajua kwamba ndani ya vidole vyako hamna misuli ya kuvikunja? Misuli hiyo imo hasa kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na mingine midogo iko kiganjani. Ile ya kigasha huvuta vidole kwa kano, kama kamba zinavyovuta tanga. Kano 9 na neva moja hupita pamoja kwenye njia nyembamba ya kifundo. Kifundo kikipindwa, njia hiyo hubanwa.

Kwa hiyo mwanafunzi wa piano anayeumwa kifundo aangalie kiti kwanza. Akikaa chini mno, mkono hupinda. Kiti kipandishwe hadi kigasha kilingane na vitufe, mabega yakiwa yamelegea.

Kisha kuna jambo ambalo natamani kila anayeanza aambiwe siku ya kwanza: nyundo ikishagonga waya, kukandamiza kitufe kwa nguvu hakuongezi sauti hata kidogo. Shikilia kwa wepesi tu.

Matatizo ya mkono si mageni kwa wapiga piano: Mjerumani Robert Schumann, aliyezaliwa mwaka 1810, alikuwa na ndoto ya kuwa mpigaji piano mashuhuri. Alijifunza mjini Leipzig, akafanya mazoezi makali, hata akatumia kifaa cha kuzoeza vidole. Kufikia 1832 kidole cha kati cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimedhoofika, akaiacha ndoto hiyo na kushika utunzi. Miziki yake ya piano ilipigwa kumbini na mkewe, Clara.

Maumivu yakianza, acha kupiga. Yakiendelea au vidole vikifa ganzi, mwone daktari.