Je, Wajua? Bandari Nayo ni Ala ya Muziki

Je, wajua kwamba sauti za bandari zimewahi kugeuzwa maonyesho ya sanaa? Msanii Mmarekani, Bill Fontana, alifanya hivyo katika miji miwili.

• Sydney, 1976: Aliweka maikrofoni juu ya matundu 8 ya gati la zege linaloelea, huko Kirribilli. Kila wimbi lilipoziba tundu kwa chini, hewa ilibanwa na kutoa mdundo kama wa ngoma.

• San Francisco, 1981: Alitega maikrofoni sehemu 8 kuizunguka ghuba, zikanasa honi za Daraja la Golden Gate za kuonya meli wakati wa ukungu. Milio hiyo ilirushwa moja kwa moja hadi kwenye spika za gati la Fort Mason.

• Kwa nini honi moja ilisikika mara kadhaa? Sauti husafiri hewani takribani mita 340 kwa sekunde. Kilomita moja huchukua karibu sekunde 3. Maikrofoni ya karibu ilipata mlio mapema, ya mbali ikachelewa. Hivyo msikilizaji aliusikia upana wa ghuba kwa masikio yake.

Milio ya bandari ni urithi wa mji. Inastahili kurekodiwa na kutunzwa.