Si kila kinacholia ni dhahabu

JE, msomaji, umewahi kusimama mlangoni mwa supamaketi jijini, askari akakupitishia kile kifaa chake mwilini, kikalia, naye akakuuliza una nini mfukoni? Pengine ulitoa funguo, ukatoa sarafu, kumbe kilicholia ni bizimu ya mshipi! Kifaa hakikudanganya. Kilisema kuna metali. Hakikusema ni metali gani, wala ina thamani gani.

Huko Uingereza wapo maelfu ya watu ambao siku ya mapumziko huingia mashambani na kifaa cha namna hiyo, chenye mpini mrefu na sahani ya duara chini yake. Wanasaka sarafu na mapambo ya kale. Ugumu wa shughuli hii si kutembea wala kuchimba, bali ni kusikiliza. Ardhi iliyokaliwa na watu kwa karne nyingi imejaa misumari, vizibo vya chupa na vipande vya mabati. Kifaa hulia kila hatua, na mgeni wa kazi hiyo hukata tamaa kabla ya saa ya chakula.

Kitanda cha Rais

Taabu hii haikuanza jana. Mnamo Julai 2, 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi mjini Washington. Risasi moja ilibaki mwilini, na madaktari hawakujua ilikokwama. Alexander Graham Bell, yule aliyevumbua simu, aliunda kifaa cha kuitafuta kwa sauti.

Kifaa kilikuwa kimejaribiwa na kufaulu, lakini kando ya kitanda cha Rais kilitoa sauti zisizoeleweka. Baadaye Bell alikuja kujua kwamba chini ya godoro alilolalia mgonjwa kulikuwa na jingine la nyaya za chuma. Isitoshe, daktari mkuu alimruhusu kupima upande wa kulia tu, kwa kuwa aliamini risasi iko huko. Garfield alifariki Septemba 19 mwaka huo huo. Maiti ilipopasuliwa, risasi ilipatikana upande wa kushoto.

Basi hapo pana makosa mawili ambayo wasakaji huyarudia hadi leo: kuchanganywa na takataka zilizo karibu, na kuamua mapema kile unachotaka kusikia.

Lugha ya kifaa

Ndani ya ile sahani mna koili za waya. Umeme unapopita humo, nguvu za sumaku huenea hadi ardhini. Zikikuta metali, huzusha ndani yake mikondo midogo ya umeme ambayo nayo hurudisha ishara. Chuma hujibu kwa namna yake kwa sababu huvutwa na sumaku. Shaba na fedha, ambazo hupitisha umeme vyema, hujibu kwa namna nyingine. Katika vifaa vingi, chuma hutoa sauti nzito ya chini, na fedha sauti nyembamba ya juu.

Kizaazaa kipo katikati. Karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara, kijipete cha kufungulia mkebe wa soda na pete ya dhahabu hutoa sauti zinazokaribiana mno. Vifaa vya kisasa vina namna ya kunyamazisha takataka, lakini anayenyamazisha vijipete vya mikebe huenda amenyamazisha pia pete ya arusi ya mtu. Aidha, msumari uliolala karibu na sarafu waweza kuimeza sauti yake kabisa.

Wazoefu hufanyaje? Kwanza, hupitisha sahani polepole, kwani haraka haraka haina baraka. Pili, sauti ikisikika huzunguka robo duara na kupima tena. Sarafu husema neno lile lile kutoka pande zote, ilhali chuma chenye kutu mara nyingi hugeuza kauli au hunyamaza. Tatu, penye takataka nyingi hutumia sahani ndogo ili isikie vitu vichache kwa wakati mmoja. Nne, hujifunza nyumbani: huzika sarafu, msumari na kizibo, kisha husikiliza hadi masikio yazoee. Na wakiwa na shaka, huchimba. Atakaye dhahabu hana budi kuokota vizibo vingi.

Nyundo ya mkulima

Mnamo Novemba 16, 1992, mtunza bustani mstaafu, Eric Lawes, aliingia shambani katika kijiji cha Hoxne, mkoani Suffolk, kumtafutia rafikiye mkulima nyundo iliyopotea. Kifaa kililia kwa nguvu. Alipochimba alikuta vijiko vya fedha, vito na sarafu za Warumi. Akatoa kiasi, kisha akafanya jambo ambalo wengi wangeshindwa: aliacha kuchimba, taarifa ikapelekwa kwa wakuu, na wataalamu wa mambo ya kale wakaja kesho yake.

Kwa kuwa vitu vingi vilikuwa bado mahali pake, wataalamu waliweza kutambua kwamba vilizikwa vimepangwa ndani ya sanduku la mti. Sarafu pekee zilikaribia 15,000. Lawes alipewa tuzo ya pauni milioni 1.75, akagawana na mkulima.

Msomaji usije ukakimbilia magofu ya pwani na jembe mkononi. Hapa Kenya, sheria ya Makavazi ya Kitaifa na turathi ya mwaka 2006 inakataza kusaka vitu vya kale bila leseni. Anayechimba kwa pupa huitoa sarafu, lakini huiharibu habari yake, na habari hiyo haichimbwi mara ya pili.

Na ile nyundo? Ilipatikana pia. Leo imehifadhiwa katika British Museum jijini London, pamoja na hazina yenyewe. Kwa sikio la kifaa ilikuwa chuma tu, takataka kama takataka nyingine. Lakini isingepotea, huenda dhahabu ya Hoxne ingali imelala udongoni.