Unajua Stori Yote Lakini Alama Hazikuji? Hizi Mbinu Ndizo Zinakuangusha

Msee wa Kidato cha Nne, hii ni yako. Nguu za Jadi ya Clara Momanyi umesoma mara mbili. Bembea ya Maisha ya Timothy Arege unaweza kuisimulia ukiwa usingizini. Lakini Karatasi ya Tatu ikirudishwa una 31 kwa 80. Shida ni gani? Ulisimulia stori badala ya kujibu swali.

Wacha tutumie kastori kadogo ka Ikonge, kule Nyamira.

Ni siku ya soko na watu wamejaa. Makanga anapigia abiria kelele: "Chungeni simu zenu, hapa kuna wezi!" Gari inataka kung'oa. Anaingiza mkono mfukoni achukue simu yake. Mfuko ni mtupu kama kanisa siku ya Jumatatu. Hapo ndio anakumbuka: kuna jamaa alimkumbatia asubuhi akimwita bro, na hata hakuwa anamjua.

Sasa chambua:

Mandhari: Soko la Ikonge, siku ya soko. Usiishie kutaja mahali. Sema pia vile umati ulimpa mwizi nafasi.

Taharuki: Mkono umeingia mfukoni na bado hujui utatoka na nini.

Tashbihi: "Mtupu kama kanisa siku ya Jumatatu." Ukitoa "kama" useme "mfuko wake ni jangwa," hiyo sasa ni sitiari.

Mbinu rejeshi: Stori inarudi nyuma hadi asubuhi. Wengine huiita kisengere nyuma.

Kinaya: Mwenye kuonya wengine ndiye ameibiwa. Mambo yamekuwa kinyume na vile ulitarajia. Usichanganye na sadfa, ambayo ni matukio mawili kugongana bila kupangwa.

Maudhui na dhamira: Hapa wengi huanguka. Maudhui ni mambo yanayozungumziwa: wizi, kuamini watu ovyo. Dhamira ni lengo la mwandishi: kutuonya kwamba hata mjanja hunyolewa.

Ukifika kwa mtihani, fanya hivi: taja mbinu, ieleze, halafu toa mfano kutoka kitabuni. Kutaja peke yake hakutoshi. Ukiambiwa uweke dondoo katika muktadha, jibu mambo manne: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini.

Ukikwama, mkumbuke makanga wa Ikonge. Alijua stori yote ya wezi, lakini haikumsaidia.