Kutoka Tanga hadi Kunduchi: Mafuta ya Safari ya Familia Msimu wa Sikukuu

Shule zinapofungwa mwezi Desemba, familia nyingi za mkoa wa Tanga huanza kupanga safari. Wapo wanaopanda Lushoto kutafuta baridi, wapo wanaotosheka na Mapango ya Amboni au fukwe za Pangani, na wapo ambao watoto wao wamekwisha kukata shauri mapema: mwaka huu ni Kunduchi, kwenye bustani ya michezo ya maji ya Wet 'n' Wild jijini Dar es Salaam. Mtoto aliyewahi kuteleza mara moja kwenye mabomba yale hasahau, na mzazi aliyekwisha kuahidi hana pa kujificha.

Makala haya hayahusu michezo yenyewe. Yanahusu kilomita zaidi ya 300 zilizopo baina ya Tanga na Kunduchi, na bidhaa moja ambayo familia hununua mara kadhaa njiani pasipo kuikagua kama inavyokagua nyanya sokoni. Bidhaa hiyo ni mafuta ya gari. Makosa yake huonekana baadaye: fedha zinapoisha kabla ya siku, au gari linapozimika mbali na nyumbani huku watoto wamo ndani.

Hesabu ya safari

Tuchukue mfano wa familia ya baba, mama na watoto watatu inayoishi Ngamiani. Gari lao dogo linakwenda wastani wa kilomita 10 kwa lita moja ya petroli. Watapita Muheza, Segera, Mkata na daraja la Wami. Wakifika Msata watakunja kushoto kuelekea Bagamoyo, njia inayowaepusha na msongamano wa Chalinze na Kibaha na kuwaingiza Kunduchi kwa upande wa kaskazini. Kwenda, kurudi na mizunguko ya mjini tuweke kilomita 700. Hizo ni lita 70.

Tuseme bei ya lita moja ni shilingi 3,000. Hii si bei ya siku, ni namba ya kurahisishia hesabu tu. Familia itahitaji shilingi 210,000 za mafuta. Ikitozwa shilingi 100 zaidi kwa kila lita, imepoteza shilingi 7,000. Ikipunjwa lita moja katika kila lita 20, itakuwa imelipia lita tatu na nusu ambazo haikuzipata, yaani shilingi 10,500. Kila moja peke yake huonekana ndogo, lakini zikijumlishwa ni chakula cha mchana cha watoto.

Bei kikomo ni nini

EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei hizo hukokotolewa kwa kuzingatia bei ya mafuta katika soko la dunia, gharama za kuyafikisha bandarini, thamani ya shilingi dhidi ya dola ya Marekani, kodi na tozo za Serikali, gharama za usafirishaji hadi wilaya husika, pamoja na faida ya wafanyabiashara.

Mafuta huingia nchini kupitia bandari tatu: Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Bei za mikoa ya Tanga, Kilimanjaro, Arusha na Manyara hufuata mafuta yanayoshushwa katika bandari ya Tanga. Kwa kuwa shehena hazifiki katika bandari zote kwa wakati mmoja wala kwa gharama moja, bei ya Tanga inaweza kuwa juu au chini ya bei ya Dar es Salaam katika mwezi uleule. Aidha, kila wilaya ina bei yake kulingana na umbali wake kutoka bandarini. Kwa hiyo, bei ya Segera, wilayani Handeni, kutofautiana na ya Tanga mjini si ushahidi wa wizi. Kosa ni kituo kuuza kwa bei inayozidi kikomo cha mahali kilipo.

Mambo mawili husahaulika mara kwa mara. La kwanza, kikomo ni dari, si bei ya lazima. Kituo kinaruhusiwa kuuza kwa bei ya chini yake, na mnunuzi anayelinganisha vituo viwili au vitatu kabla ya kujaza anatumia haki yake. La pili, bei hubadilika. Familia inayoondoka wiki ya mwisho ya Desemba na kurejea baada ya Jumatano ya kwanza ya Januari itakuta bei mpya njiani. Bajeti ya kurudi isipangwe kwa bei ya kwendea bila kuacha akiba.

Kujua bei kikomo ya mahali ulipo, piga *152*00# kwa simu yoyote na ufuate maelekezo. Fanya hivyo usiku wa kuamkia safari, uandike bei za Tanga, Handeni na Dar es Salaam kwenye karatasi. Kazi hii anaweza kupewa mtoto mkubwa, naye atajifunza jambo.

Kwenye kituo cha mafuta

Kabla hujazima gari, tazama bango la bei. Kila kituo kinatakiwa kuweka bei zake mahali panapoonekana wazi. Kituo kisicho na bango, au chenye bango lisilolingana na bei iliyo kwenye pampu, kipite tu ikiwa tangi linakuruhusu.

Ukisimama, shuka. Dereva anayebaki ndani akitafuta noti na kutuliza ugomvi wa watoto haoni kinachoendelea nyuma ya gari. Mtu mzima mmoja asimame mbele ya pampu, mwingine abaki na watoto. Kisha zingatia haya:

1. Taja aina ya mafuta kwa sauti na umwone mhudumu akichukua mpira unaohusika. Mafuta yakichanganywa, usiwashe gari kabisa. Tangi likimwagwa kabla injini haijayavuta mafuta hayo, hasara huwa ndogo. Ukiisha kuwasha, fundi atakuwa na kazi kubwa na wewe utakuwa na gharama kubwa.

2. Hakikisha pampu inaanza na sifuri. Mhudumu mwema husema mwenyewe, "Mzee, angalia sifuri," au "Mama, angalia sifuri." Asiposema, mwombe aoneshe kabla hajaanza kumimina.

3. Linganisha bei ya lita iliyo kwenye pampu na ile ya bangoni.

4. Ukinunua kwa fedha badala ya lita, gawanya. Shilingi 60,000 kwa bei ya shilingi 3,000 ni lita 20 kamili. Pampu ikionesha lita pungufu, uliza papo hapo kabla ya kulipa.

5. Tazama iwapo pampu ina stika na lakiri za Wakala wa Vipimo, chombo chenye jukumu la kuhakiki vipimo vinavyotumika katika biashara.

Kuna dalili moja ambayo dereva mwenye kulijua gari lake huigundua upesi. Tangi la lita 45 ambalo bado lilikuwa na robo ya mafuta haliwezi kupokea lita 45 nyingine. Tofauti ndogo isikushtue, kwa kuwa shingo ya tangi nayo hubeba kiasi na mshale wa gari hauna uhakika wa kila tone. Lakini tofauti ya lita nyingi ina maelezo mawili tu: mshale wako ni mbovu, au pampu haisemi kweli.

Stakabadhi

Muuzaji anatakiwa kutoa stakabadhi ya kielektroniki kutoka kwenye mashine iliyounganishwa na pampu, na mnunuzi anatakiwa kuidai na kuitunza. Isome kabla hujaondoka. Ioneshe jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta, idadi ya lita na bei kwa lita.

Wengi huiona stakabadhi hii kuwa ni ya kodi tu, nao huiacha mezani au humpa mtoto aichezee. Lakini ndiyo kidhibiti pekee cha mnunuzi endapo ameuziwa mafuta kwa bei iliyozidi kikomo au mafuta yasiyo na ubora. Bila stakabadhi, wewe utasema na mwenye kituo atakana, na atakayesuluhisha hatakuwa na pa kushika. Tenga bahasha moja garini, na kila stakabadhi iingie humo tangu Tanga hadi kurudi Tanga.

Mafuta ya chupa na madumu

Katika msimu wa sikukuu, baadhi ya watu huuza petroli kwenye chupa kando ya barabara. Usinunue. Chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, biashara ya mafuta inahitaji leseni, na muuzaji wa chupa hana. Hakuna anayeweza kukuhakikishia ujazo wala ubora wa alichokuuzia, na kesho yake hutamkuta pale alipokuwa.

Vilevile, usibebe dumu la petroli garini eti kwa tahadhari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutuama chini, kwenye sakafu ya gari, panapowekwa mabegi na pale mtoto anapolala akichoka. Cheche moja yatosha. Njia ya Tanga hadi Kunduchi ina vituo vya kutosha. Jaza tangi Tanga, na usingoje taa ya mafuta iwake ndipo uanze kutafuta kituo.

Gari likigoma baada ya kujaza

Tuirudie familia yetu. Imejaza mafuta, imepita kilomita chache, na kabla ya Mkata gari linaanza kukohoa, linapungua nguvu, kisha linazimika. Jua ni la saa saba mchana na mtoto mdogo anauliza kama Kunduchi ni hapa.

Jambo la kwanza ni usalama. Sogeza gari nje ya barabara, weka pembetatu za tahadhari, washushe watoto upande usio wa barabara na uwakalishe kivulini, mbali na magari. Usiendelee kulazimisha kuwasha. Kama mafuta yana maji au uchafu, kila jaribio huvuta zaidi kwenye mfumo wa injini.

Jambo la pili ni ushahidi, na hapa ndipo wengi hukosea. Fundi akifika, hamu ya kufika safari humfanya mtu aseme, "Mwaga yote, tuondoke." Ngoja kidogo. Mwombe fundi akinge kiasi cha mafuta hayo katika chombo safi cha kioo chenye kifuniko. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yakiwapo yatajitenga na kukaa chini, na kila mtu atayaona. Piga picha ya chombo, ya stakabadhi na ya gari. Chombo hicho kisisafiri pamoja na watoto: kikabidhiwe kwa fundi au kirejeshwe kituoni. Omba pia maelezo ya maandishi ya fundi yenye tarehe, alichokikuta na alicholipwa. Kumbuka kwamba kukohoa kwa gari kunaweza kutokana na ubovu wake lenyewe. Maelezo ya fundi ndiyo yatakayotenganisha mambo hayo mawili.

Namna ya kulalamika

Anza na kituo chenyewe. Zungumza na msimamizi, si mhudumu wa pampu, na uwasilishe lalamiko lako kwa maandishi ukiambatisha nakala ya stakabadhi. Stakabadhi halisi baki nayo. Eleza kwa ufupi ulinunua nini, lini, kwa kiasi gani, nini kilitokea na unadai nini: kurudishiwa fedha, gharama za fundi au vyote viwili. Malalamiko mengi humalizika hapa, kwa kuwa mfanyabiashara mwenye leseni ana cha kupoteza.

Usiporidhika, wasilisha lalamiko kwa Mamlaka, katika ofisi ya kanda iliyo karibu nawe au kwa namba zilizochapishwa nyuma ya kijitabu hiki. Si lazima uwe na wakili. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA CCC, lipo kwa ajili ya kumsaidia na kumtetea mtumiaji. Upande usioridhika na uamuzi wa Mamlaka unaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani.

Huenda ukajiuliza kama shilingi 7,000 zinastahili usumbufu wote huo. Kwa familia moja, pengine hapana. Lakini kituo kilicho njia kuu huhudumia familia nyingi kwa siku katika wiki za sikukuu, na kila anayenyamaza humwachia kosa hilohilo anayemfuata. Lalamiko lenye stakabadhi humwezesha mkaguzi kwenda moja kwa moja mahali penye tatizo.

Kabla ya kufunga mlango

Mambo mawili ya nyumbani yasisahauliwe. Funga mtungi wa gesi kwenye rejeta yake, si kwenye jiko pekee. Funga pia koki kuu ya maji, kwani bomba likipasuka siku ya kwanza ya safari, utaikuta ankara ikikusubiri.

Baada ya hapo, hesabu watoto, hesabu mabegi, chukua bahasha ya stakabadhi na karatasi ya bei. Safari njema.