Nyota za friji na pesa zako za tokeni

Unataka kununua friji? Kabla hujaweka PIN, tafuta kwanza ile lebo yenye nyota. Kanuni za serikali za 2016, ambazo husimamiwa na EPRA, zinataka friji za nyumbani ziuzwe zikiwa na lebo hiyo. Nyota ni 1 hadi 5. Zikiwa nyingi, friji inakula stima kidogo.

Lebo pia inaonyesha yuniti ambazo friji hutumia kwa mwaka. Sasa fungua meseji yako ya mwisho ya tokeni, gawanya pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata. Tuseme umepata shilingi 28 kwa yuniti. Friji ya yuniti 400 itakula shilingi 11,200 kwa mwaka, na ya yuniti 250 itakula 7,000. Tofauti ni 4,200. Kwa miaka 5, hiyo ni 21,000!

Kwa hivyo friji iliyopunguzwa bei kwa elfu kumi inaweza kukugharimu zaidi, polepole, tokeni kwa tokeni.

Haina lebo? Muulize mwenye duka. Akikosa jibu, usilipe bado.