Kupoza nyumba bila umeme

Kupoza nyumba bila umeme ni namna ya kujenga au kurekebisha nyumba ili joto lisiingie kwa urahisi, na lile lililoingia litoke, bila kutegemea kiyoyozi. Katika nchi za joto ni njia muhimu ya kupunguza matumizi ya nishati nyumbani. Feni ya dari hutumia takriban wati 50 hadi 80, lakini kiyoyozi cha chumba kimoja mara nyingi hutumia zaidi ya wati 700. Feni yenyewe haipozi hewa, bali hukausha jasho. Kuiacha ikizunguka katika chumba kisicho na mtu ni kupoteza umeme.

Paa na kuta

Karibu na Ikweta jua la mchana hupita juu ya utosi, hivyo paa hupokea joto jingi kuliko sehemu nyingine za nyumba. Bati ni jembamba, hushika joto upesi na kulishusha juu ya waliomo ndani. Kulipaka rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na gharama yake ni ndogo, ingawa vumbi likijaa rangi hupungua nguvu. Chini ya bati huwekwa dari. Nafasi iliyo kati yake inahitaji matundu ya kupitisha hewa, la sivyo joto hujikusanya humo.

Asubuhi na jioni jua hupiga kuta za mashariki na magharibi. Ndiyo maana pande ndefu za nyumba huelekezwa kaskazini na kusini. Kama nyumba imekwisha kujengwa, mti wa kivuli au baraza upande wa magharibi husaidia.

Nyumba za mawe za pwani

Huko Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar nyumba za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake nene huchelewa kupata joto, vichochoro vyembamba hutiliana kivuli, na uwanja wa ndani huingiza hewa na mwanga. Si yote ya kuigwa: chokaa ilichomwa kwa kuni nyingi, boriti zilikatwa katika mikoko, na baadhi ya matumbawe yalitolewa baharini. Tena kuta nene zisipopata upepo usiku, huwarudishia wanaolala joto la mchana.